Dakika Kumi za Korogwe Hazimtoshi Mwanamke



Harusi zimepamba moto tokea Mfunguo Mosi, na kila tukikaa na mabiharusi mazungumzo ni yale yale: hina ya nani, ukumbi gani, sare rangi gani, begi limejaa au bado. Na sisi tunayapenda hayo, hatusemi uongo. Lakini mabiharusi wetu wa siku hizi hawaolewi tena Kikwajuni wakahamia Mbweni. Wanaolewa Dodoma, Mwanza, Arusha. Wawili katika jamaa zetu wameolewa Akheri, juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Bibi mmoja aliposikia jina la mahali hapo alishika kifua, akidhani mjukuu wake anapelekwa akhera. Tulicheka mpaka machozi. Kisha mmoja wetu akauliza, na kufika huko mtoto anapita wapi? Kicheko kikakatika hapo hapo.

Maana biharusi hufundwa kila kitu. Somo atamfunda kuoga, kusinga, kufukiza udi, kumpokea mume, kuishi na wakwe. Hakuna anayemfunda basi. Na kwa aliyeolewa Akheri, basi si jambo la siku moja. Atalipanda akienda kwao kuzaa, atalipanda na kichanga akirudi, atalipanda kwenye msiba wa mama yake mdogo akiwa na machozi, atalipanda kila Idi atakayopewa ruhusa. Ndege ipo, tunajua, na uwanja wa KIA uko karibu na Akheri kuliko mtu anavyodhani. Ila anayesema "si apande ndege" amhesabie mama na watoto watatu, kwenda na kurudi, halafu atuletee hizo fedha.

Njia yenyewe ni hii. Boti kutoka Malindi mpaka Dar es Salaam, saa mbili au pungufu. Kutoka bandarini mpaka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho tokea 2021 ndicho kilichochukua nafasi ya Ubungo, na foleni ya Barabara ya Morogoro inaweza kukula muda sawa na ule wa kuvuka bahari. Kisha Chalinze au Msata, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, Moshi, Usa River, Tengeru. Kilomita zaidi ya 600. Njia ikiwa nyeupe ni saa kumi, isipokuwa nyeupe unahesabu mpaka kumi na mbili. Na anayetoka Unguja kwa boti ya asubuhi hawezi kuliwahi basi la alfajiri, kwa hiyo ama alale Dar ama apande la usiku.

Tuseme kwanza uzuri wake, tusije tukaambiwa sisi ni watu wa kulalamika. Safari hii ni nzuri. Kaa upande wa dereva. Ukishapita Segera utaona mkonge umepangwa mistari mpaka macho yachoke, halafu Usambara inajitokeza kulia kama ukuta, na Mombo wanakuja dirishani na matunda ya Lushoto ambayo kwetu hayaoti: peasi, plamu, na matunda damu. Kisha milima ya Upare inakufuata mkono ule ule, nchi inakuwa kavu, mikonge ya porini na mibuyu. Ukifika Moshi na mawingu yakiwa na huruma, Kilimanjaro inajionyesha. Halafu baada ya KIA kila kitu kinageuka kijani, unaona migomba na mibuni, na Meru imesimama mbele yako na mita zake zaidi ya 4,500. Mwanamke aliyekulia kisiwani, ambaye mlima mrefu aliouona ni Masingini, akitazama hayo bila ya kusema SubhanAllah basi amelala usingizi. Na watu wa Bara ndani ya basi ni wakarimu. Umepanda na mtoto, mama usiyemjua atampakata kutoka Same mpaka Himo na kumlisha ndizi.

Hatutaki mwanamke yeyote ainyimwe safari hii. Ndiyo sababu tumekasirika.

Basi la masafa marefu katika nchi yetu limepangwa kwa abiria mmoja tu. Abiria huyo ni mwanamume, amevaa suruali, hana mtoto, hana mimba, hana hedhi, hana udhu wa kutunza na haswali. Huyo anatosheka na dakika kumi. Huyo akiambiwa "chimbeni dawa" anashuka, anageukia kichaka, anarudi anafunga zipu akiwa anaongea na simu. Sisi wengine wote tumebandikwa juu ya ratiba yake.

Hilo neno lenyewe la "kuchimba dawa" limewekwa ili lisitie haya, na limefanikiwa kiasi kwamba watu hawaoni tena kinachofanyika. Basi linasimama porini, kondakta anapiga kelele, wanaume kushoto, wanawake kulia. Kulia kuna nini? Majani ya magoti. Umevaa buibui, ndani gauni, umebeba mtoto, huna maji, na nyuma yako kuna basi jingine limesimama na vioo vyake vyote vimejaa nyuso. Dada mmoja wa Pemba alitwambia wao wanne walishuka wakatandaza kanga wakamzungushia mmoja mmoja kama wanavyomzungushia maiti anapooshwa. Alisema akicheka, lakini mfano alioutumia tuliuona. Viongozi wamekemea mara nyingi tabia hii ya kusimamisha mabasi vichakani, wakataja kipindupindu na uchafuzi. Wana haki. Lakini kukemea kwao kumemwangukia abiria, kana kwamba yeye ndiye aliyechagua kichaka akaacha choo.

Mabasi yanayosimama mahali pa heshima, Korogwe au Mombo, yanatoa tangazo lile lile: dakika kumi. Hebu tupige hesabu ya dukani. Basi lina watu hamsini na kitu. Tuseme ishirini na tano ni wanawake. Choo cha wanawake kina milango miwili, maana mara nyingi ndiyo hiyo, na wa tatu umefungwa kwa waya. Kila mmoja atumie dakika tatu, na huyo ni mwepesi: avue, ajisitiri, ajisafishe kwa maji, avae, atoke. Mwenye mtoto wa pempasi au anayebadilisha pedi hawezi dakika tatu. Lakini tumpe hizo tatu. Wa mwisho atatoka baada ya dakika thelathini na tisa. Hajala, hajanunua maji, hajatia udhu, hajaswali. Na honi ilianza kupigwa dakika ya nane.

Kwa hiyo wanawake wamejitafutia dawa yao wenyewe, na dawa hiyo ndiyo inayotutisha. Hawanywi maji. Muulize mwanamke yeyote anayesafiri mara kwa mara, atakwambia anaacha kunywa tokea usiku wa kuamkia safari, na wengine wanalifanya hilo kuwa ujuzi wa kujisifia. Kukaa na kiu saa kumi na mbili, kwenye joto la Same, huku umezuia mkojo, ni mlango wa maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa mjamzito ni mbaya zaidi, kwa sababu maambukizi hayo yanaweza kupanda mpaka kwenye figo na yanaweza kumfanya ajifungue kabla ya wakati. Na mjamzito anayekaa kitini bila ya kunyoosha miguu kwa saa nyingi yumo katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mila yetu nzuri ya binti kwenda kwa mama yake kuzaa mimba ya kwanza tunaipitisha humo humo, kwa dakika kumi za Korogwe.

Tuje kwenye swala, kwa sababu hapa ndipo tunapoambiwa tunatafuta upendeleo.

Dini imemrahisishia msafiri mno. Adhuhuri, Alasiri na Isha zinapunguzwa kuwa rakaa mbili mbili. Adhuhuri inakusanywa na Alasiri, Magharibi inakusanywa na Isha, katika wakati wa moja ya hizo mbili. Maana yake, kwa basi la mchana, kusimama mara moja tu baada ya adhuhuri kunatosha kabisa. Rakaa nne kwa jumla. Ukiwa na udhu huchukui dakika kumi. Hatukuomba basi lisimame mara tano. Tunaomba mara moja, mahali penye maji na choo, kwa dakika thelathini, jambo ambalo hata asiyeswali anafaidika nalo kwa sababu atakula chakula chake bila ya kukimeza mzima.

Basi la usiku lina mtihani wake, na tunaona halizungumzwi. Kwa karibu miaka 30 mabasi yalikatazwa kutembea usiku. Mwaka 2023 Serikali ikaliondoa katazo hilo, na tokea Oktoba mwaka huo mabasi yakaanza safari za saa 24 kwa ratiba za LATRA. Kwa watu wa visiwani ni neema, maana sasa unashuka botini, unapumzika kidogo, unapanda basi usiku ule ule bila ya kulipia nyumba ya wageni. Lakini Alfajiri haikusanywi na swala yoyote wala haipunguzwi. Basi lililotoka Mbezi saa mbili usiku, Alfajiri inaliingilia upande wa Same na Moshi, na jua linachomoza kabla ya kufika. Unamwambia kondakta, anakujibu kwa upole kabisa, "Mama, tunakaribia, utaswali ukifika." Ukifika jua liko juu ya migomba.

Masheikh wa madhehebu yetu ya Shafii wanatufundisha kwamba aliyekwama kipandoni na wakati unatoka ataswali pale pale kwa namna anayoweza, kwa kuuheshimu wakati, kisha aje airudie. Hiyo ni rukhsa ya aliyezidiwa. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliswali sunna juu ya mnyama wake popote alipoelekea, lakini ikifika faradhi akishuka. Sasa sisi tumefanya dharura kuwa ndiyo ratiba, kwa sababu tu kampuni zinashindana nani atafika Arusha mwanzo.

Na tukiambiwa kwamba msafara hausimami kwa ajili ya mwanamke mmoja, tunayo ya kujibu. Msafara ulisimama. Bibi Aisha, radhiyallahu anha, alipoteza kidani chake safarini, na Mtume akasimamisha watu wote ili kitafutwe. Hapakuwa na maji mahali pale. Watu walinung'unika, wakaenda kumlalamikia Abubakar kuhusu binti yake, naye akaja akamkaripia. Hata hivyo walibaki mpaka asubuhi, na hapo ndipo ilipoteremka aya ya tayammum ambayo leo sote tunaitumia. Kidani kikapatikana chini ya ngamia. Kila mmoja wetu anayepangusa vumbi usoni kwa kukosa maji anafaidika na msafara uliosimama kwa sababu ya mwanamke.

Safari nyingine Bibi Aisha huyo huyo alikwenda haja, akatoka nje ya kambi, na alipokuwa akirudi akagundua kidani kimeanguka, akakifuata. Waliobeba hema lake juu ya ngamia hawakugundua kuwa yeye hayumo, wakaondoka. Alirudi akakuta hakuna mtu. Tunajua wote ni uzushi gani ulifuata, na Allah mwenyewe akamtakasa kutoka juu ya mbingu saba. Mwanamke aliyekwenda haja akarudi msafara umeshaondoka. Hili si jambo la karne ile tu. Mwaka jana, katika basi ambalo jina lake tunaliacha, mmoja wa waandishi wetu alimwona mama wa makamo akikimbia nyuma ya basi, mtandio umeanguka mabegani, huku abiria wakigonga bodi na dereva akijibu kwamba muda alishautangaza. Alisimamishiwa mbele, mita mia mbili hivi. Alipopanda watu walicheka. Yeye hakucheka. Alijifunga mtandio, akageukia dirishani, na tokea pale mpaka Moshi hakushuka tena wala hakula.

Tunajua watakachosema wenye mabasi. Watasema mwendo umewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, gari lina kifaa kinachoripoti kila kitu, faini ziko, na kila dakika wanayosimama wanaitafuta barabarani. Tunawajibu kwamba kikomo cha mwendo ni kwa ajili ya roho zetu na hatukubali kiguswe. Mtume alimwambia Anjasha, aliyekuwa akiwaendesha ngamia waliobeba wanawake kwa kuwaimbia mpaka wakakaza mwendo, apunguze, akatufananisha na vyombo vya kioo. Ukiwa na saa kumi na mbili kwa njia hii, andika kumi na mbili kwenye tiketi. Hakuna abiria atakayekufa kwa kufika saa kumi na mbili badala ya saa kumi na moja na nusu. Tatizo ni kwamba unauza saa kumi huku ukijua ni kumi na mbili, kisha zile mbili unazikata kwenye vibofu vyetu na swala zetu.

Na sisi kwa sisi tuambizane. Kuna familia zinalipia ukumbi wa maua ya kuagizwa, mpiga picha wa droni, keki ya ghorofa tano, halafu biharusi siku ya tatu anapandishwa basi la usiku na begi la kilo arobaini, peke yake, kwa sababu bwana harusi likizo imekwisha akatangulia. Tumeona. Binti wa miaka ishirini na moja, hina bado mbichi mkononi, anavutwa begi na wapiga debe watatu kila mmoja anampeleka upande wake. Shangazi wanne walivaa sare ya kumsindikiza ukumbini na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumsindikiza Akheri. Zamani biharusi alipelekwa na watu wake mpaka mlangoni mwa mume, na somo akakaa naye siku za fungate. Tumebakisha ngoma yake, kusindikiza tumekuacha.

Wengine wakifika hapa wanafurahi. Wanasema, mnaona sasa, mwanamke hasafiri bila ya maharimu, kwisha maneno. Hadithi ya kumkataza mwanamke safari ya mchana na usiku bila ya maharimu tunaijua, imo katika Bukhari na Muslim, na hatukuja hapa kutoa fatwa. Mwenye suala amuulize sheikh wake. Ila tuna mambo mawili kwa hao mabwana. La kwanza, mbona hawaitaji inapofika zamu yao ya kukata tiketi mbili? Kaka anaijua hadithi mpaka isnadi yake, lakini kumpeleka dada yake Arusha na kurudi ana kazi. La pili, maharimu hawezi kukuendea haja. Ukiwa na mume kiti cha pembeni, kichaka ni kile kile, foleni ni ile ile na Alfajiri inapita vile vile. Huyo mume mwenyewe ataingia choo cha wanaume, atoke, aje asimame mlangoni mwa basi akimbembeleza dereva akusubiri.

Mtume alimpa Adiyy bin Hatim bishara kwamba akiishi ataona mwanamke anasafiri kutoka Hira mpaka akatufu Kaaba, hamwogopi yeyote ila Allah. Na Adiyy aliishi akaona. Wanavyuoni wana maneno yao juu ya hadithi hiyo katika mlango wa maharimu, na sisi hatuingii humo. Tunachokiona ni kwamba usalama wa njia kwa mwanamke ulitajwa kuwa dalili ya jambo kubwa lililokamilika. Njia isiyo salama kwake ni aibu ya walioiacha hivyo, na wao ndio wa kuulizwa kabla ya kumuuliza yeye kwa nini alitoka.

Tazameni wageni. Pale Arusha yanapita malori makubwa ya watalii, yanayotoka Nairobi yakienda mpaka Cape Town, wiki kwa wiki, wasichana kwa wavulana na mikoba mgongoni. Malori hayo husimama abiria anapohitaji. Wana mahema, wana maji yao, wana makambi ya kulala yaliyopangwa kabla hawajaondoka kwao. Tunaambiwa wao ni watu wa kustahimili shida, lakini hakuna mmoja wao anayezuiwa choo kutoka Chalinze mpaka Korogwe. Na mgeni huyo huyo akipanda basi la kawaida na mkoba wake, kondakta atashuka kumtafuta kama hajarudi. Basi lilisimama dakika kumi na tano kwa ajili ya msichana wa Kizungu aliyekuwa akipiga picha machungwa Segera. Tuliona, na hatuna kinyongo naye, machungwa yale ni mazuri. Tunachojua sasa ni kwamba dakika kumi na tano zipo.

Kwengine watu wamelimaliza jambo hili bila ya makelele. Malaysia, vituo vya kupumzikia kwenye barabara zao kuu vina vyoo na vina chumba cha kuswalia, na ni kawaida kama ilivyo kawaida kwetu kituo cha mafuta kuwa na duka. Kenya, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ina misikiti pembeni yake, na Mtito Andei imekuwa pahala pa kupumulia kwa vizazi. India, mifumo ya kukatia tiketi za basi kwa simu inaonyesha kiti kilichokwisha kuchukuliwa na mwanamke, ili mwanamke mwenzake aweze kukaa naye. Sisi tiketi zetu za mtandao tayari zinauliza jina, simu na jinsia. Inaulizwa ya nini, kama usiku kucha mpaka Moshi unalaliwa bega na mwanamume usiyemjua, ukihama kiti unaambiwa rudi kwenye namba yako?

Na hapo Tengeru, neno moja kwa mabiharusi wa Akheri. Mwambieni kondakta tokea Mbezi, mbele ya watu, kwamba mnashuka Tengeru, na mumkumbushe Usa River. Tabia ya kuwapeleka abiria mpaka stendi ya Arusha kwa kisingizio cha kutosimama njiani inakugharimu zaidi ya kilomita kumi za kurudi nyuma, na mizigo, na bodaboda ya ziada. Siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, usafiri wa kupanda juu ni mwingi. Akheri ni nchi ya Walutheri tokea wamishonari wa kwanza walipofika na kuuliwa hapo mwaka 1896, na majirani wengi watakuwa Wakristo wa Kimeru. Watakupokea na loshoro na maziwa, watakuuliza bahari inafananaje. Biharusi anayekwenda kukaa huko anakuwa mkaazi akishafika, hapunguzi swala tena. Anayekwenda kutembea kwa siku zisizotimia nne, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huyo bado ni msafiri.

Tunachotaka kwa wenye mabasi na LATRA kinaenea kwenye karatasi ya tiketi. Iandikwe pale, chini ya namba ya kiti: basi hili litasimama mahali fulani, saa fulani, kwa dakika thelathini, penye vyoo vya wanawake na maji. La mchana lisimame baada ya adhuhuri. La usiku lisimame Isha, na lisimame tena Alfajiri kabla jua halijachomoza. Dereva asitie gari gia mpaka kondakta amehesabu vichwa. Mwanamke aweze kuchagua kukaa na mwanamke. Kituo kisicho na vyoo vya kutosha kisipewe mabasi. Mwenye hoteli ya Korogwe anayepata mabasi kwa siku nzima ana uwezo wa kujenga milango sita.

Na sisi tuanze kuuliza kabla ya kulipa. Pale dirishani, kwa sauti: mnasimama wapi, saa ngapi, dakika ngapi, vyoo viko vingapi? Akikujibu "tutasimama tu mama", nenda dirisha la pili, Mbezi pana madirisha mengi. Mashangazi wa sare, tuliowataja huko juu, tunawaomba wawili wenu kila harusi. Mkate tiketi tatu, mkae naye mmoja kushoto mmoja mbele, na akishuka Korogwe mmoja wenu abaki amesimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja chini na mmoja kwenye ngazi, mpaka atoke.